Kona ya Mkwe

Waberi, Garissa
14 Mei 1997

Abaayo Nasteha, dada yangu,

Assalaam aleikum. Natumai wewe, shemeji Bare na joto la Mandera mnaendelea kuvumiliana. Sisi huku wazima, isipokuwa Adeer Olow, ambaye ana afya kupita kiasi. Tangu baba na hooyo watutoke, ami yetu huyu amejifanya baba, mama na mkuu wa wilaya kwa pamoja. Anaamka alfajiri kututangazia jinsi tulivyoharibika, na akitumaliza sisi anahamia kwa korongo wa jalalani. Barua zote zinazoingia nyumba hii anazifungua yeye. Ndiyo maana nakuandikia kwa Kiswahili. Kiswahili cha Adeer kinaishia kwenye bei ya mbuzi, kwa hiyo ukinijibu usiandike neno mbuzi mahali popote, tutagundulika.

Habari kubwa: posa imekubaliwa! Timiro, yule mpiga chapa wa ofisi ya elimu niliyekuandikia habari zake mpaka ukachoka, ni wangu inshallah. Wajomba zake walikaa mkekani wakazungumza kutwa nzima, lakini sote tulijua mwenye neno ni mama yake, Bi Faduma, mjane anayeuza maziwa ya ngamia. Neno lake lilipotoka ndani lilikuwa "haya" tu. Nikala pilau mpaka nikaona aibu.

Sasa sikiliza balaa. Ofisi yetu ya ujenzi imenipa kazi yangu ya kwanza ya peke yangu: kuchora barabara ndani ya bustani ya mji. Unaikumbuka, ule uwanja wa miarobaini nyuma ya soko, uliokuwa na ua wa seng'enge kabla watu hawajaihamishia seng'enge kwao. Njia ya zamani inaanzia mlango wa soko, inanyooka chini ya miti, inatokea msikitini. Wakubwa wanataka iwekwe lami, mikokoteni ya punda ipite, watu watembee, mabenchi yapangwe. Na katikati kabisa ya njia hiyo, chini ya mwarobaini mkubwa kuliko yote, nani amekaa na mitungi yake tangu mimi nikiwa mtoto? Bi Faduma.

Mila unaijua. Tangu posa ikubaliwe, siwezi kumkaribia mama mkwe, siwezi kumtazama, siwezi kusema naye. Nikimwona kwa mbali natakiwa niingie uchochoro wa kwanza, na pale bustanini hakuna uchochoro. Yaani sina ruhusa ya kutia mguu kwenye kazi yangu mwenyewe! Juzi nilipanda juu ya tangi la maji na darubini ya ofisi, nipime kwa macho. Muda si muda polisi wawili wakawa chini ya ngazi, wanataka kujua nampeleleza nani. Nikawaambia nampeleleza mama mkwe ili nisikutane naye. Mmoja wao ni kijana wa Wajir, mila anaijua. Akanipigia saluti.

Nishauri, abaayo. Ramani inatakiwa mwezi ujao.

Ni mimi, ndugu yako anayejificha,
Abdisamad


Mandera
11 Juni 1997

Waryaa injinia,

Waaleikum salaam. Mbuzi, mbuzi, mbuzi. Hiyo ni salamu yangu kwa Adeer Olow, mfikishie.

Huku tu wazima. Darasa langu lina watoto wengi kuliko madawati, na madawati mengi kuliko chaki. Mto Daua umepungua, watoto wanavuka kwenda Ethiopia kucheza mpira na kurudi kabla kengele haijalia. Bare yuko Elwak na biashara yake ya ngamia, anakusalimu.

Hongera kwa posa. Nililia kidogo kwa furaha, nikamkumbuka hooyo. Kisha nikafika pale kwenye tangi la maji, nikacheka mpaka mwalimu mkuu akatuma mtu kuuliza kama nimepandwa na jini. Kwa hiyo umesomeshwa miaka yote ile, hesabu za kila namna, ukapewa kofia na joho, halafu ukafungiwa kazi na mama muuza maziwa ambaye hata hajui kama amekufungia!

Umemrithi baba. Unakumbuka siku ile ayeeyo, bibi yetu mzaa hooyo, alipotutembelea? Baba alimsikia mama mkwe wake anakohoa mlangoni, akaruka dirisha akajificha kwenye banda la ndama. Ayeeyo alikuwa anajua yuko humo. Akakaa makusudi mpaka Magharibi, anakunywa chai polepole, anatuuliza habari za mvua.

Haya, shauri ni hili. Kama wewe huwezi kupita mbele ya Bi Faduma, barabara ipite nyuma yake. Ipinde! Kalamu si unayo? Waambie ni mtindo wa Ulaya. Wakubwa wakishasikia Ulaya hawaulizi swali la pili.

Dada yako,
Nasteha


Waberi, Garissa
27 Julai 1997

Abaayo,

Salamu nyingi. Adeer ameliona neno mbuzi. Ameniuliza mara nne ni mbuzi wangapi na ni wa nani. Nimemwambia ni methali.

Nimeipinda.

Wallahi nimeipinda. Barabara inatoka mlango wa soko vizuri kabisa, inafika kwenye miti, halafu inaiacha miti kushoto, inateremka upande wa bondeni, inazunguka kwa kona moja ndefu, inapanda tena na kutokea msikitini. Bi Faduma amebaki kule juu chini ya mti wake, na mimi nasimamia kazi yangu kule chini. Hatuonani hata kivuli. Nadhani hii ni heshima ya kwanza kuwekwa lami katika mkoa huu mzima.

Kwenye mkutano mwenyekiti wa kamati ya barabara alivaa miwani, akaitazama ramani, akauliza, "Hii imepinda kwa nini?" Nikasema, "Mheshimiwa, barabara iliyonyooka inamfikisha mtu haraka asione kitu. Hii inamchelewesha. Punda anapunguza mwendo, mtoto hagongwi, na mtu anajua kwamba sasa yuko bustanini, hayuko barabarani." Nilikuwa nayatunga nimesimama hapo hapo. Na usiseme nimesahau: nikamalizia na Ulaya. Wakapiga makofi.

Ajabu ni kwamba maneno yangu yamekuwa kweli. Lami bado haijafika lakini kona imeshasindiliwa, na watu wameanza kuitembelea. Wazee waliovuka uwanja ule miaka yote bila kuinua kichwa, sasa wanasimama katikati ya kona kubishana kama ule ni mgunga au si mgunga. Vijana wanaipenda kwa sababu ukiwa katikati yake huonekani sokoni wala msikitini. Maalim Bishar ameisema kwenye hotuba ya Ijumaa kwamba kona inaficha dhambi, na tangu siku hiyo anaizunguka mara mbili kila jioni kuhakikisha. Adeer Olow naye ameilaani mbele ya mashahidi. Jana nikamkuta amekaa kwenye benchi la kona, amevua viatu, anapunga upepo.

Na mimi na Timiro tumepata mahali pa kuongea. Usianze. Binamu yake Idman anatufuata nyuma, anakula karanga kwa sauti kubwa kuliko ya greda. Timiro ameniuliza kwa nini barabara ilikwepa miti. Nikamwambia mambo ya kitaalamu. Akaenda kumwomba Idman karanga.

Shemeji Bare bado yuko Elwak? Hiyo biashara imemnasa kweli.

Wako aliyepata amani,
Abdisamad


Mandera
30 Agosti 1997

We Abdisamad,

Salamu baadaye. NILIKUWA NAKUTANIA, ewe punda uliyesoma!

Nimesoma barua yako nimesimama, nikakaa, nikaisoma tena. Mji mzima unazungushwa bondeni kwa sababu wewe huwezi kusema "assalaam aleikum" ukiwa umeinamisha kichwa. Siku wajukuu wakiuliza barabara hii ilichorwa na nani, tutasema ilichorwa na hofu. Lakini nakiri nimejivuna. Nimewaambia walimu wenzangu ndugu yangu amejenga barabara ya Ulaya. Huku kwetu barabara anaichagua dereva, kulingana na alivyoamka.

Ninunue nguo ya harusi au bado? Niambie mwezi.

Bare yuko Elwak.

Nasteha


Waberi, Garissa
19 Oktoba 1997

Abaayo,

Salaam. Adeer mzima, majirani wazima, mimi ndiye sijiwezi. Zawadi za posa zimerudishwa. Vitambaa, sukari, majani ya chai, hata kikapu. Vimewekwa barazani kwetu asubuhi, watu wote wa Waberi wanatazama.

Nikueleze tangu mwanzo. Lami ilikamilika Septemba. Tangu siku hiyo hakuna mtu anayepita kule juu chini ya miti. Mikokoteni, wanafunzi, wanaotoka kuswali, wote wanazunguka na kona. Wale akina mama wengine wa maziwa wakabeba mitungi yao wakashuka, wakajipanga kando ya kona. Bi Faduma akakataa. Alisema, "Mimi nilikuwa hapa kabla ya lami. Lami ndiyo inifuate." Akabaki peke yake kule juu na mti wake. Maziwa yanachacha, anayarudisha nyumbani, kesho anakuja tena anakaa pale pale. Mimi nilikuwa sioni hayo yote, si unajua nilikuwa sitazami upande ule! Nilikuwa namheshimu!

Halafu mwenyekiti akajigamba sokoni kwamba kona ni fikra ya injinia mwenyewe, kwamba mwanzoni njia ilikuwa ipite chini ya miti lakini kijana akaikataa. Maneno yakamfikia Bi Faduma. Ameleta jibu pamoja na kikapu: "Mtu aliyenichorea barabara ya kunificha kama jalala, binti yangu atamficha wapi?"

Timiro amejaribu kumweleza. Akaambiwa binti aliyechumbiwa hana akili, asubiri zirudi. Nimemtuma Adeer Olow. Adeer akaanza na historia ya barabara tangu enzi za Waingereza, akamaliza kwa kumwambia Bi Faduma kwamba maziwa yake yana maji. Mke wa Adeer nisingeweza kumtuma. Hawasemezani na Bi Faduma tangu ule ugomvi wa kikombe cha kupimia.

Jana nilikutana na Timiro kwenye kona. Hata Idman hakula karanga. Timiro akasema, "Mimi sijakatazwa kukupenda, nimekatazwa kuolewa nawe. Nenda kamwambie mama mwenyewe."

Nikamwambia, "Siwezi kusema naye, ni mkwe wangu."

"Basi asipokuwa mkwe wako tena utaweza," akasema. "Ila hutakuwa na la kumwambia." Akajifunika mtandio akaondoka.

Abaayo, nampenda. Sijui niandike vipi zaidi ya hivyo. Njoo. Wewe ni dada yangu wa pekee, wewe unaweza kuingia kwa Bi Faduma, ukakaa jikoni, ukamweleza kike. Panda lori lolote.

Jambo la mwisho. Dereva mmoja wa lori la ng'ombe ameniambia neno kuhusu Bare na Elwak. Siliandiki. Uniambie wewe, au usiniambie.

Abdisamad


Mandera
3 Desemba 1997

Ndugu yangu,

Salaam. Barua yako ya Oktoba nimeipata jana. Ilipitia Wajir, ikalala ndani ya lori lililozama matope, ikaja mfukoni mwa mtu aliyetembea kwa miguu. Wino umetembea pia. Pale unaposema unampenda Timiro pameenea buluu kote, lakini nimesoma.

Siwezi kuja. Mvua hii si mvua, ni hasira. Lori la mwisho kujaribu liko njiani Elwak, limezama mpaka vioo, na watu wanakaa juu yake na kuku wao. Ningekuwa na mabawa ningekuja, maana ni mimi niliyekuambia uipinde. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nisamehe kwa hilo, kisha tuendelee, hatuna muda.

Dereva wako hakusema uongo. Bare ameoa Elwak, tangu mwezi wa tatu. Kila barua nilikuandikia "Bare yuko Elwak", na sikukudanganya, si ndiko aliko? Hakuniambia mwenyewe mpaka leo. Akija Mandera anapita nyuma, anaacha mchele na sukari kwa jirani, anaondoka. Eti kwa heshima, asiniudhi. Habari za harusi nilipewa na mama wa mwanafunzi wangu aliyekwenda kula.

Nina hasira, Abdisamad, nina hasira mpaka chakula hakina ladha. Kuoa si haramu, najua aya zote, usinisomee. Angekuja akaniambia, ningempigia kelele, ningevunja sahani mbili, tungejua tunakwenda wapi. Lakini kunizunguka! Mtu anayekupita nyuma kwa heshima hajui upande wa pili inaonekanaje. Nitakuambia inavyoonekana: inaonekana kama hutakiwi. Nimekaa nalo hilo tangu Machi, ninasahihisha hesabu za watoto, nacheka na wewe kwenye barua. Kwa hiyo usinitume kwa Bi Faduma kumweleza kike. Namwelewa kuliko ninavyokuelewa wewe.

Nenda mwenyewe. Na usiniambie mila. Ile siku ya banda la ndama, kwani ulikuwa umelala? Jioni ayeeyo alikuwa na neno zito la kumwambia baba, kuhusu shamba. Akasimama nje ya banda akasema, "Ewe ndama, mwambie baba wa watoto hawa hivi na hivi." Baba akajibu kutoka ndani, "Ewe ndama, mwambie mama nimesikia." Wakamaliza neno lote, macho hayakukutana, na mila ikabaki nzima. Nawe tafuta ndama wako.

Usimzunguke tena huyo mama.

Nasteha


Waberi, Garissa
8 Februari 1998

Abaayo mpenzi,

Salaam, na Idd ya nyuma ikufikie hata kama imechelewa. Barua yako ilikuja na ndege ya msaada iliyokuwa imewaletea huko magunia ya unga, bado inanukia unga. Nimeisoma peke yangu. Kuhusu Bare sina maneno, na hasira yangu ungeiona ungenifungia ndani. Adeer Olow nimemwambia. Alikaa kimya. Adeer! Kimya tangu Alasiri mpaka Isha, kisha akasema chumba chako kipakwe chokaa, na chokaa ameinunua mwenyewe.

Sasa habari zangu. Unajua kona iko bondeni. Mto wetu ulipofurika, kona ilikuwa ya kwanza kuzama. Barabara yangu ya Ulaya iligeuka bwawa, vyura ndani, korongo wamesimama juu ya mabenchi kama wajumbe wa kamati. Mji mzima ukarudi kwenye njia ya zamani chini ya miti, kwa sababu kule juu ndiko kulikokuwa kukavu. Na kule juu alikuwepo nani? Watu walipanga foleni kwa Bi Faduma. Tangu homa ya mifugo iingie watu wanaogopa maziwa mabichi, basi anayachemsha mbele ya macho ya mteja. Hakumcheka mtu yeyote, wala hakusema "niliwaambia". Nasikia alikuwa anauliza tu kila anayefika, "Na injinia, yeye anapitia wapi siku hizi?"

Baada ya Idd ofisi ikaniambia niende nikapige vigingi, niamue barabara itengenezwe ipite wapi. Nikajua siku imefika. Nilijifunika shuka kichwani kama bibi harusi, nikaenda. Hatua za mwisho nilizitembea kinyumenyume ili nisimtazame. Nikagonga punda. Watu walicheka, mwenye mkokoteni akanitukana, na sauti moja chini ya mti haikucheka. Nikachuchumaa, nikampa mgongo, nikautazama mwarobaini.

"Ewe mwarobaini," nikasema, na sauti ikatoka kama ya mtoto wa darasa la kwanza, "mwambie mama aliyekaa chini yako kwamba barabara ilipinda kwa haya. Haikupinda kwa dharau."

Akina mama wakaacha kupima maziwa. Nyuma yangu nikasikia Bi Faduma anagonga kifuniko cha mtungi. "Ewe mtungi, uulize huo mwarobaini umeanza lini urafiki na watu wa suruali za ofisi."

"Mwambie ni yule aliyeleta posa."

"Mwambie posa ilirudi na kikapu chake."

"Ewe mwarobaini, mwambie niliogopa kumvunjia heshima. Mila inanikataza kumkaribia."

"Mila!" Akausahau mtungi kabisa, kisha akaukumbuka. "Mtungi, mwambie mila tumezaliwa nayo kabla yake. Mila ilimwambia yeye ainamishe macho akipita. Yeye! Mtu mmoja! Iliwaambia punda? Iliwaambia watu wa msikitini? Hiyo haya ni yake, mbona ameuvisha mji mzima?"

Nilisema, "Mwambie nilikosea," na mwenye mkokoteni, ambaye hakuwa ameondoka, akasema, "Hapo sawa."

Bi Faduma akaufunika mtungi. Aliposema tena hakuwa na ukali. "Ewe mtungi, nina swali moja tu. Mimi sina mtoto wa kiume. Siku nitakapokufa, jeneza langu huyu atalipitisha wapi? Ataniswalia kwa mbali? Atanizungusha bondeni nisimtie haya?"

Abaayo, nililia. Ndani ya shuka, mbele ya soko zima, mtumishi wa umma. Nilimkumbuka hooyo, nikakukumbuka na wewe na ule mchele kwa jirani. Sikumbuki kama nilisema na mti au nilisema na nani. Nilisema, "Nitabeba mguu wa mbele wa jeneza, mama, na nitapita hapa hapa."

Nikasikia maziwa yanamiminwa. Kikombe kikawekwa chini, nyuma ya kisigino changu. "Mtungi," akasema Bi Faduma, "mwambie yamechemshwa. Anywe. Mkwe wangu amekonda."

Nilikunywa yote, nimempa mgongo.

Vigingi nimepiga siku hiyo hiyo. Barabara inanyooka chini ya miti, lami nyembamba, mti wake tumeupa nafasi pande zote mbili. Kona nitaiacha, maji yakikauka itakuwa ya wazee wenye mabishano na ya Maalim. Mwenyekiti ameuliza kwa nini sasa imenyooka, nikamwambia Ulaya wamebadilisha mtindo. Kila asubuhi napita mbele ya mkwe wangu, kichwa chini, nasema "assalaam aleikum, mwarobaini", na mtungi unaniitikia. Kikapu kimechukuliwa tena barazani, Timiro alikuja kukichukua mwenyewe na Idman, anacheka.

Harusi ni mwezi wa Machi. Barabara ya Mandera wanasema imeanza kupitika. Njoo, na ukija usirudi haraka.

Abdisamad


Mandera
26 Februari 1998

Ndugu yangu Abdisamad,

Salaam kwako, kwa Timiro na kwa Adeer Olow mwenye chokaa. Barua yako nimeisoma darasani, watoto wakaniuliza mwalimu analia nini, nikawaambia punda amegongwa.

Nilipoimaliza nilipanda lori la kwanza kwenda Elwak. Mimi sikuzungumza na mti. Nilimkuta Bare anakunywa chai, nikasimama mbele yake mpaka akaweka kikombe chini. Yule mke wake mpya hakuwa ameambiwa kwamba mimi nipo. Msichana mdogo, maskini, alilia sana, na nikambembeleza mimi. Bare alianza kuniambia alikuwa ananihifadhi. Nikamwambia, sasa nihifadhi kwa talaka yangu, mchana huu, kwa kadhi. Ametoa. Nimelala usingizi mzito nisioujua tangu mwaka jana, na asubuhi nimelia, na yote mawili ni kweli.

Eda nitaikalia kwetu. Nimefunga masanduku: dogo ni la harusi yako, makubwa ni yangu. Watu watasema, najua watu. Adeer atasema zaidi yao wote, mwache aseme.

Lori linashushia abiria sokoni. Njoo unipokee na mkokoteni wa punda, na usinitafutie njia ya nyuma kwa kunionea huruma. Unipitishe chini ya miti, katikati, saa ambayo soko limejaa, kila mtu anione nimerudi.

Dada yako,
Nasteha